Glasi Tano Ndogo Katika Joto la Mtwara: Mazungumzo na Wahudumu wa Baa na Hoteli Kuhusu Kuonjesha Bia

Ndugu wenye baa na hoteli, mameneja, na ninyi wahudumu mnaosimama kaunta tangu jioni mpaka usiku wa manane: karibuni, na asanteni kwa kuacha kazi kwa saa mbili hizi.

Mada yetu ni sinia la kuonjea, yaani zile glasi ndogo nne au tano anazoletewa mteja ili aonje bia mbalimbali za kiwanda kimoja kidogo kabla hajaamua ipi anywe glasi nzima. Hapa kusini ni huduma ngeni bado, na wengi wanaichukulia kama ubao mzuri wa kupigia picha. Mimi naichukulia kama kazi ya mikono inayohitaji umakini kuliko kufungua chupa. Na kwa Mtwara na Lindi, kazi hiyo kwanza kabisa ni kupambana na joto. Ukilishindwa joto, hakuna maelezo yatakayoiokoa bia.

Tuanze na hesabu ambayo kila mhudumu anapaswa kuijua. Chukua glasi ya kuonjea yenye uzito wa gramu 150, imekaa rafuni, na chumba kina nyuzi 30. Mimina humo mililita 100 za bia iliyotoka kwenye friji ikiwa nyuzi 4. Joto lililokuwa ndani ya kioo linahamia kwenye bia, na bia inapanda hadi karibu nyuzi 10. Mteja hajaigusa. Sinia halijaondoka kaunta. Sasa fanya hivyo hivyo kwa glasi ya nusu lita yenye gramu 350: bia inapanda hadi kama nyuzi 7 tu, kwa sababu bia ni nyingi ukilinganisha na kioo. Ndiyo maana bia ileile mteja huisifu kwenye glasi kubwa na kuilalamikia kwenye glasi ya kuonjea, na mhudumu anabaki akishangaa.

Dawa yake ni rahisi. Weka beseni safi lenye maji na barafu chini ya kaunta, zamisha glasi humo dakika kumi, itoe, ikung'ute maji, mimina. Usiifute kwa kitambaa. Kitambaa huacha nyuzinyuzi na harufu ya sabuni. Barafu iwe ya maji ya kunywa. Narudia: isiwe barafu iliyokaa na samaki, hata kama ni samaki wa leo asubuhi, kwa maana glasi itanukia feri, yaani soko la samaki, na bia laini itabeba harufu hiyo mpaka tone la mwisho. Na msiweke glasi kwenye friza. Glasi ya friza ina chembechembe za barafu ubavuni. Bia ikizigusa gesi inafumka yote kwa mara moja, unapata povu nusu glasi, na kinachobaki kina maji. Zaidi ya hapo, bia iliyo chini ya nyuzi 3 hufa ganzi kwenye ulimi. Mtu anayetaka kukata kiu hiyo inamtosha, lakini aliyelipa ili aonje hapati kitu.

Kila bia na joto lake. Laga nyepesi na pilsna, nyuzi 4 hadi 6. Bia ya ngano, 6 hadi 8. IPA (India Pale Ale) na jamaa zake zenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, 7 hadi 10. Bia nyeusi nzito, 10 hadi 12. Mkiangalia vizuri hapo mtaona kwamba joto letu linaweza pia kutusaidia: bia nyeusi mimina kwenye glasi ambayo haikupitia barafu, kioo chenyewe kitaipandisha mpaka pale inapotakiwa. Laga ndiyo isiyokubali hata dakika moja ya uzembe.

Kwa sababu hiyo hiyo, siafiki kupeleka glasi tano kwa pamoja katika ukumbi wa wazi wa pale Shangani au Mikindani, hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Mteja ana mazungumzo yake. Akifika glasi ya nne, imeshakuwa vuguvugu. Peleka tatu kwanza. Ukiona ameshika ya tatu, ndipo umimine mbili zilizobaki. Ni safari moja zaidi kwa mhudumu, na inabadilisha kila kitu.

Tukitoka kwenye glasi tuje kwenye stoo. Wafanyabiashara wa bia wana kanuni ya kukadiria wanayoiita 3-30-300: bia huchakaa ndani ya siku 3 kwenye nyuzi 32 kiasi kilekile inachochakaa kwa siku 30 kwenye nyuzi 22, au kwa siku 300 kwenye nyuzi 3. Si sheria ya maabara, lakini kwa kupangia kazi inatosha. Sasa fikirieni safari ya bia kutoka Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500, ndani ya lori, chini ya turubai. Mvua zikikata barabara upande wa Somanga, lori linalala njiani. Bia iliyokaa siku tatu ndani ya lori la moto imefika kwako ikiwa mzee, hata kama tarehe ya kwenye lebo inasema bado ana miezi sita. Bia za viwanda vikubwa huchemshwa kidogo ili kuua vijidudu, na huchujwa, zinavumilia. Bia nyingi za viwanda vidogo hazipitii hayo, na zenye hopsi nyingi ndizo zinazoumia mapema, kwa kuwa harufu ya hopsi ndiyo inayoondoka kwanza. Kwa hiyo agiza kidogo mara nyingi, usiagize nyingi mara moja. Omba zisafirishwe usiku. Ikiwezekana zije ndani ya deli zenye barafu, au kwenye gari la friji linalorudi kusini baada ya kupeleka kamba na pweza Dar, mradi limeoshwa. Zikifika, ziingie friji siku hiyo hiyo, si keshokutwa friji likipata nafasi.

Bia iliyochakaa mtaitambuaje? Harufu yake ni ya boksi la karatasi lililoloa. Uchungu wa hopsi umepoa, pamebaki utamu mzito kama wa mkate wa juzi. Haimdhuru mtu, lakini isiingie kwenye sinia.

Mwanga nao ni adui. Miale ya jua ikipenya chupa ya kijani au nyeupe, inavunja viungo vya hopsi na kutengeneza harufu kali ya kicheche. Dakika chache za jua la mchana zinatosha. Chupa ya kahawia inakinga sana, kopo linakinga kabisa. Kwa hiyo chupa za maonyesho zinazopangwa dirishani zisije zikarudishwa friji na kuuzwa.

Kuna kasoro nyingine ambazo nataka mzijue kwa pua. Harufu ya siagi, au ya bisi zilizopakwa siagi: mara nyingi chachu iliondolewa kabla haijamaliza kazi, au mpira wa bomba, ule unaoleta bia kutoka kwenye pipa hadi kwenye koki, ni mchafu. Harufu ya tofaa bichi: bia haikuachwa kuiva. Harufu ya mahindi ya kuchemsha: maji ya kimea hayakuchemshwa kwa nguvu ya kutosha huko kiwandani, au yalipoa polepole mno. Ladha ya sarafu mdomoni: angalia chuma kilichochubuka kwenye koki. Na uchachu wa siki. Huu wa mwisho watu wa huku hawahitaji kufundishwa. Aliyewahi kunywa uraka anajua kwamba juisi ya mabibo ya asubuhi ni tamu, na ikiachwa tu inajichachia yenyewe, kisha inazidi kuwa kali kila saa inayopita. Bakteria wanaofanya hivyo kwenye mtungi wa uraka wana ndugu zao ndani ya mpira wa bomba usiosafishwa. Tofauti ni kwamba ule uchachu wa uraka mnywaji anautarajia. Mteja akirudisha glasi na kusema imechacha, msibishane naye. Onjeni kwanza, kisha muulizane mpira ulioshwa lini.

Mpira uoshwe kila baada ya siku 14. Dawa ni ya kostiki (caustic soda), mchanganyiko wa asilimia 2, yaani gramu 20 kwa lita moja ya maji. Kama mpira ulikuwa mchafu sana, asilimia 3. Maji yawe ya uvuguvugu. Dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa, maana inaweza kufumka na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani. Ikizungushwa kwa pampu, dakika 15. Ikiachwa imesimama tu ndani ya mpira, dakika 20. Halafu suuza kwa maji safi mpaka karatasi ya kupimia ioneshe kwamba maji yanayotoka yako sawa na yanayoingia. Koki ifunguliwe, vipande vyake visuguliwe kwa brashi. Ndani ya koki ndimo nzi wadogo wanapotua usiku kucha. Ikishafungwa tena, ivalishe kifuniko kila mnapofunga baa.

Nije kwenye povu, malalamiko ninayoulizwa kuliko yote. Kegi, yaani pipa la chuma la bia, ikiwa nyuzi 3 hadi 4, psi 12 hivi (psi ni kipimo cha presha) kwenye geji zinatosha kuishikilia gesi ndani ya bia ya kawaida. Bia ileile ikiwa nyuzi 30 ingehitaji zaidi ya psi 30. Maana yake, kipande chochote cha mpira kinachopita nje ya friji kwenye joto letu kinaigeuza bia kuwa povu, hata kama kegi yenyewe ni baridi. Mhudumu akiona povu anapunguza presha. Hapo ndipo anapoharibu, kwa kuwa presha ikishuka gesi inazidi kutoka kwenye bia. Jioni povu linaongezeka, na kesho yake bia haina gesi wala uhai. Acheni geji. Angalieni joto. Kegi ya lita 30 iliyoingia friji ikiwa na nyuzi 30 inahitaji siku nzima, saa 24, kupoa mpaka katikati. Nje inaweza kuwa baridi huku moyo wake una moto. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5, urefu wa mita 2 hadi 3, ukae ndani ya friji, na mnara wa koki upulizwe hewa baridi kwa feni ndogo. Umeme ukikatika, msifungue mlango wa friji mara kwa mara, na kegi msiimiminie wateja mpaka mpime tena. Kipimajoto cha kuchovya ndani ya glasi si ghali. Kila kaunta iwe nacho.

Glasi safi kwa macho si lazima iwe safi kwa bia. Mafuta kidogo tu yanaua povu. Ilowanishe glasi kwa maji halafu uigeuze: maji yakishuka kama pazia moja, ni safi, yakikatika matone matone, kuna mafuta. Glasi za bia zisioshwe karai moja na sahani za samaki wa kukaanga, na sponji yake iwe ya peke yake. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Kama ndiyo mnayotumia, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya kunywa.

Sasa mpangilio wa sinia. Wengi hupanga kwa rangi, nyeupe mwanzo na nyeusi mwisho, wakiamini kwamba bia ikiwa nyeusi ndiyo kali. Rangi nyeusi inatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua kidogo, haihusiani na ukali. Guinness ya bomba ya kwao Ireland ina asilimia 4.2 ya kilevi. Bia yetu ya Safari, ya rangi ya dhahabu, ina 5.5. Panga kwa uzito wa ladha. Anza na laga au pilsna. Ya pili bia ya ngano. Kama kiwanda kina bia chachu ya ukwaju au ubuyu, iwe ya tatu, maana uchachu unasafisha mdomo. Kisha bia ya kahawia yenye utamu wa kimea. Kati ya bia nyeusi na IPA, mimi husema IPA iwe ya mwisho kama uchungu wake ni mkali, kwa kuwa uchungu wa hopsi hukaa ulimini dakika nyingi na kinachofuata baada yake hakionjeki. Ila bia nyeusi ikiwa na asilimia 8 au zaidi, hiyo ndiyo ifunge. Kila glasi iwe na namba chini yake, inayolingana na karatasi fupi yenye jina, aina na asilimia. Msitegemee kumbukumbu, usiku wa minada ya korosho, mji ukijaa wanunuzi, hakuna anayekumbuka.

Kila glasi iwe na maneno mawili matatu ya kuambatana nayo, na yawe ya kweli. Pilsna: ilianzia mji wa Plzeň, ambao leo uko Ucheki, mwaka 1842, mpishi wake Josef Groll kutoka Bavaria, Ujerumani, kabla ya hapo bia nyingi za Ulaya zilikuwa nzito na za rangi ya giza. Laga nyingi tunazokunywa nchini ni wajukuu wa ile. Bia ya ngano ndiyo inayosemewa uongo zaidi. Inanukia ndizi mbivu na karafuu, basi mhudumu anamwambia mteja imetiwa ndizi. Hapana. Harufu zote mbili hutengenezwa na chachu yenyewe wakati bia inachachuka. Chachu ya aina hiyo ikifanya kazi kwenye joto la juu kidogo, ndizi huzidi karafuu. Mbege ya wenzetu wa Kilimanjaro ndiyo yenye ndizi hasa, pamoja na ulezi. Tena bia ya ngano ina ukungu kwa asili, si kwamba imeharibika. Ikiwa ya chupa, mimina robo tatu, zungusha kidogo kilichobaki ili mashapo ya chini yaamke, kisha malizia. IPA: harufu ya maganda ya chungwa, embe au msonobari inatoka kwenye hopsi, ua la mmea unaopanda kama maharage. Hopsi hustawi kati ya nyuzi za latitudo 35 na 50 kaskazini au kusini mwa ikweta, panapokuwa na siku ndefu za kiangazi. Sisi tuko nyuzi 10 kusini, hivyo huagizwa kutoka nje, na hilo linachangia bei. Bia nyeusi: kahawa na kakao mnazozinusa ni shayiri iliyokaangwa, hakuna kahawa humo isipokuwa lebo iseme.

Kumimina: inamisha glasi nyuzi 45, bia ishuke ubavuni, ikifika nusu isimamishe wima na uruhusu povu la sentimita moja na nusu. Msilikwangue. Povu ndilo linalobeba harufu. Glasi iwe ya mililita 150 hadi 180 na bia ifike 100 tu. Nafasi ya juu ndiyo ya pua. Mweleze mteja anuse kwanza, mara mbili tatu fupi, kabla povu halijashuka. Anywe funda moja, alizungushe mdomoni, alimeze. Kumeza ni lazima, maana uchungu unakamilika baada ya funda kushuka. Kisha atoe pumzi kwa pua. Kati ya glasi na glasi, maji ya kawaida na kipande cha mkate mtupu.

Korosho zisiwe mezani wakati wa kuonja. Najua hili linauma katika mji huu. Lakini mafuta ya korosho yanafunika ulimi, na ya midomoni yanaua povu kwenye glasi. Ziletwe baadaye, zilizokaangwa bila pilipili, pamoja na glasi kubwa ya bia nyeusi. Hapo zinapatana sana, kwa kuwa zote mbili zina ladha ya kukaangwa. Pweza wa kuchoma na ndimu mpeleke kwa bia ya ngano. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili inakwenda na laga.

Mhudumu wa sinia asijipulizie manukato zamu hiyo, na udi usichomwe karibu. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe upande upepo unakokwenda.

Kuhusu bei niseme kwa ufupi. Kegi ya lita 30 inatoa glasi 300 za kuonjea kwa karatasi; ukitoa povu na mabaki ya mpira, hesabu 270. Sinia moja lina nusu lita, lakini lina glasi tano za kuosha na safari mbili za mhudumu, kwa hiyo liuzwe robo zaidi ya bia ya ujazo huo. Mteja akinunua glasi kubwa baada ya kuonja, mpunguzie.

Na tusijidanganye kwamba glasi ndogo hazileweshi. Bia tano za asilimia 4.5, 5, 5.5, 6.5 na 8, kila moja mililita 100, zina jumla ya gramu 23 hivi za kilevi. Hiyo ni sawa na chupa ya nusu lita ya bia yenye karibu asilimia 6. Dereva wa bodaboda aliyemaliza sinia hatakiwi kupanda pikipiki. Chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata kwa funda. Na kwenye meza yenye wasiokunywa, ambao katika miji yetu ni wengi, waandalieni sinia lao la juisi ya ukwaju, tangawizi, ubuyu na maji ya madafu, kwa glasi ambazo hazijawahi kutiwa bia. Glasi hizo ziwe na rafu yake na alama yake, na anayeziosha azijue.

Tutahamia kaunta sasa. Kila mmoja achukue kipimajoto, apime bia ya chupa ndani ya friji, kisha aimimine kwenye glasi kavu ya rafuni na nyingine kwenye glasi iliyotoka kwenye beseni, na aandike namba tatu alizozipata.